Mtani Kwenye Ukuta wa Kanisa

Nakumbuka siku moja, mwanangu, kigango chetu kizima kiliangua kicheko mbele ya mwili wa Bwana Yesu. Ilikuwa Jumapili ya Matawi, watu wameshika matawi mikononi, paroko amevaa nyekundu, na aliyewachekesha ni mimi. Sikuwa nimesema neno. Nilikuwa nimesimama kando ya ukuta, nimeshika ncha ya shuka nililotoka kulivuta, na rangi ya kijani imenikaukia kwenye kucha.

Sogea karibu nikueleze vizuri, maana habari hii nimeisikia ikisimuliwa na watu ambao hawakuwepo, na kila mmoja ameongeza chumvi yake. Wapo wanaosema paroko alizimia. Hakuzimia. Alikaa tu.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Kabla yake, ukitaka rangi pale Songea ulipata nyekundu ya mabati na chokaa, basi. Kisha maduka yakaanza kufunguliwa kila kona, na kila aliyefungua duka alitaka jina lake liandikwe kubwa kuliko la jirani. Bucha, saluni, mgahawa, mashine ya kusaga. Kuna bwana mmoja kule Lizaboni aliandikisha bango kabla ya kujenga duka. Bango likasimama peke yake kwenye majani masika nzima, likitangaza sukari na mafuta ya taa, na watu walikuwa wanasimama mbele yake na kupiga hodi.

Mabango mengi ya wakati ule yalikuwa kazi ya Fundi Mapunda, mtu mwembamba ambaye jicho lake moja lilikuwa limefumba muda wote kwa sababu ya moshi wa sigara yake mwenyewe. Mimi nilikuwa mwanafunzi wake. Yeye alichora mistari ya herufi, mimi nikajaza rangi ndani. Nimejaza B za bucha mpaka nikawa naziota.

Mama hakufurahi. Binti kupanda ngazi mbele ya soko zima, amevaa suruali ya kaka yake! Dada yake Mama, aliyeolewa Mbinga, alikuwa na shamba la kahawa na alikuwa tayari kunipokea. Mwaka huo, Kwaresima ilipoanza, Mama alinikalisha chini akasema, "Skola, baada ya Pasaka unakwenda Mbinga. Labda huyo Fundi wako aje hapa nyumbani, akae kwenye kiti hiki, aseme mbele yangu kwamba wewe ni fundi. Si mwanafunzi. Fundi."

Nilipompelekea Fundi Mapunda maneno hayo, alivuta sigara akanijibu, "Kwa mama yako siendi kusema uongo." Basi nikarudi kwenye B zangu.

Ndipo ikaja ile picha.

Sista mmoja mzee, Mjerumani, alikuwa anarudi kwao baada ya kukaa huku mpaka akaota mvi. Alimwachia paroko picha kwenye fremu yenye kioo. Ilikuwa ukurasa wa kalenda tu, ukubwa wa daftari lililofunguliwa, na jina la mchoraji lilikuwa limekatwa na mkasi ili ukurasa uingie kwenye fremu. Ilimwonyesha Yesu ameshushwa msalabani, lakini si Yesu yule wa kadi za komunyo mwenye nywele zilizochanwa na mashavu ya mtoto. Huyu alikuwa mrefu kama mti wa kujengea, amelala mapajani pa mama yake, miguu imetokeza huko nje, na mwili wake ulikuwa wa manjano inayokwenda kwenye kijani. Mama yake alikuwa wa bluu, uso na yote, na mikono yake mikubwa kama majani ya maboga. Mbingu ilikuwa nyekundu. Na pembeni, upande wa kulia, alisimama mtu mmoja mwembamba, mikono juu, mguu mmoja umeinuka, kichwa kimetupwa nyuma, mdomo wazi.

Mtu huyo mkumbuke. Ndiye aliyenitia matatani.

Paroko alitaka picha hiyo ikuzwe kwenye ukuta wa kanisa la kigango chetu, ili Ijumaa Kuu watu wapige magoti mbele yake. Fundi Mapunda aliishika fremu, akaitazama.

"Nani kachora hii?"

"Mtu wa huko Ulaya," alisema paroko. "Jina limekatika."

"Alikuwa na haraka."

Lakini hakuirudisha. Aliipeleka mlangoni kwenye mwanga, akaendelea kuitazama mpaka sigara ikamzimikia mdomoni. "Hapana," akasema mwisho. "Hakuwa na haraka." Kisha akanigeukia mimi. "Mimi nina mabango. Utaichora wewe. Siku watu wakiipokea, nitakwenda kwa mama yako."

Hivyo ndivyo Mbinga na ukuta ule vilivyofungwa pamoja.

Wewe siku hizi unanakili picha kutoka kwenye simu, unazikuza kwa vidole viwili. Mimi nilifundishwa kwa miraba. Unachora miraba midogo juu ya kioo cha picha kwa kipande cha sabuni, na ukutani unapiga miraba mikubwa kwa uzi uliopakwa unga wa mkaa. Halafu unahamisha mraba mmoja mmoja. Humchori Yesu. Unachora kilichomo ndani ya mraba. Fundi Mapunda hakuruhusu kabisa nitaje majina ya vitu. Nikisema, "Nimefika puani, Fundi," ananikata:

"Pua imetoka wapi? Umefika mraba upi?"

"Huu hapa, chini ya ule mweupe."

"Kuna nini ndani yake?"

"Kuna mstari unapinda."

"Basi pinda."

Siku alipokwenda kuandika bango la mashine ya kusaga, niliona nimpunguzie Bikira Maria aibu. Ile mikono yake nikaipunguza ikawa ya kawaida, mizuri, na vidole vyembamba. Fundi aliporudi alisimama akaangalia.

"Mama wa watu amepatwa na nini mikononi?"

"Nimemrekebishia, Fundi. Ilikuwa mikubwa mno."

Hakugomba. Aliniambia nikae chini sakafuni, ninyooshe miguu, kisha akaubeba mfuko wa chokaa akaniwekea mapajani. "Ukumbatie usianguke," akasema, akatoka nje kuvuta sigara. Alivuta yote. Mwanangu, chokaa ni nzito. Aliporudi akaniuliza, "Unasikia nini sasa?"

"Mikono, Fundi."

"Na kitu gani kingine?"

"Hakuna. Mikono tu."

"Basi mrudishie mwenzio mikono yake."

Nikairudisha. Na nikuambie, tangu siku hiyo sikuwahi kumcheka mchoraji yule wa Ulaya.

Rangi tulikusanya mabaki ya kazi za mjini. Wekundu wa mbinguni ulitoka bucha. Bluu ya Bikira Maria ilikuwa ya saluni. Manjano na kijani cha Bwana Yesu vilikuwa mabaki ya bango la mashine ya kusaga, na mwenye mashine mpaka anafariki alikuwa anajisifu kwamba amemvika Mwokozi.

Jumamosi akina mama walikuja kufagia kanisa, wakaacha mifagio wakaja kunisimamia. Aliyetangulia ni Bibi Gama, mjane aliyekuwa amemzika mumewe mwaka uliopita, mtu wa maneno machache na yote makali.

"Skola, huyu ana homa ya manjano."

"Huyu amekufa, Bibi."

"Naona amekufa. Nauliza kilichomuua."

"Si msalaba, Bibi?"

"Mpaka akawa na rangi hiyo?"

Mwingine akasema miguu mirefu namna ile haikuwahi kuwapo Nazareti. Mwingine akauliza kama Mama Maria amepigwa. Paroko alichoka kujibu, akaagiza ukuta ufunikwe kwa shuka mpaka Jumapili ya Matawi. Kwa hiyo vipande vya mwisho nilivichora ndani ya shuka, nikiwa peke yangu.

Si peke yangu kabisa. Alikuwapo Mzee Athumani. Huyu alikuwa Myao, Mwislamu, mtu wa Nakapanya, aliyekuwa anauza korosho na mitumba pale sokoni. Wayao na sisi Wangoni ni watani, kwa hiyo hakuna siku alipita njia ile bila kuja kusimama mlangoni pa kanisa kunichokoza. Ndani haingii. Anaegemea mwimo wa mlango, anatafuna korosho zake.

"Shikamoo, Mzee Athumani."

"Marahaba. Bado unapaka tu? Wangoni bwana! Vita mlipigana siku moja mkamaliza, ukuta mmoja unawashinda."

"Vita si tuliwapiga nyie?"

"Mlitupiga lini? Mlikuja mkatukuta tunakula, mkaomba chakula. Tukawapa. Mkaenda kusimulia vita."

Alikuwa na pengo kubwa la meno ya mbele, na akicheka anarusha kichwa nyuma, mdomo wote unakuwa wazi. Naona umeanza kuelewa.

Nilipofika kwenye uso wa yule mtu wa pembeni, nilikuta ukurasa wa kalenda uliwahi kukunjwa, na mkunjo umepita katikati ya uso wake. Wino ulikuwa umepukutika. Mistari yangu ya sabuni nayo ilikuwa imezidisha ukungu. Macho hayakuonekana. Kilichobaki ni mdomo.

Ningeweza kumwita Fundi. Ningeweza kuomba picha itolewe kwenye kioo. Lakini ya nini, wakati mtu mwenyewe nilikuwa namjua? Pale ni msibani. Mtu kainua mikono, kainua mguu, kaachama mdomo. Kwetu sisi mtu huyo ni nani? Ni mtani. Wewe umekulia mjini, umeona misiba ya viti vya kukodi, lakini sisi tulizika na watani. Wafiwa wanalia, mtani anaingia anacheza, anavaa shati la marehemu, anaigiza alivyokuwa anatembea. Siku ya kumzika mzee Gama, Athumani alishuka kaburini akalala chali, akasema kaburi fupi, mmemchimbia Mngoni au mbuzi, na akagoma kutoka mpaka wafiwa wamkomboe kwa jogoo. Nilikuwepo. Niliuona uso wake kutoka juu, mdomo wazi vilevile.

Basi nikaona mchoraji wa Ulaya naye anazijua mila. Nikamheshimu zaidi. Nikachukua brashi ndogo, nikamchora yule mtu wa pembeni anacheka kicheko cha kufa na kupona, macho yamejaa furaha. Nikampa na pengo. Kofia yake ya Kiislamu sikumpa. Nilijua mipaka.

Sasa turudi pale Jumapili ya Matawi. Nilivuta shuka, likaanguka. Watu walimtazama Yesu yule mrefu, wakatazama mikono ile, na nikuambie kweli, niliona watu wawili watatu wanapiga ishara ya msalaba. Mama yangu alikuwa benchi la mbele, naye alikuwa anaitazama ile mikono. Fundi Mapunda alikuwa nyuma kabisa, sigara isiyowashwa mdomoni. Nikaanza kupumua.

Ndipo Bibi Gama akanyoosha kidole.

"Jamani! Si Athumani huyu?"

Lilivyolipuka kanisa lile! Mwimbaji mmoja wa besi alitelezea chini ya benchi na hakuonekana tena mpaka wakati wa sadaka. Kuna mtu alisema kwa sauti, "Amefuata jogoo wake!" na hapo hata waliokuwa wamejizuia wakashindwa. Paroko ndipo alipokaa. Mama alivuta khanga ikafika puani.

Mtu mmoja tu hakucheka: Mwalimu Komba, mwenyekiti wa kigango, mstaafu, mtu aliyenyoosha suruali yake mpaka mkunjo wake ungeweza kukata mkate. Misa ilipokwisha alizuia watu wasitoke, akasimama chini ya ukuta.

"Tuliomba picha ya kutusaidia kuomboleza," akasema. "Tumepewa picha ya kutuchekesha. Ijumaa Kuu watu watapiga magoti hapa. Nawauliza, watasali vipi huku wakimtazama Athumani?"

"Mimi nitakumbuka korosho," sauti moja ilikiri.

"Umeona? Huyu mtu apakwe chokaa leo hii, kabla paroko hajaondoka."

Nilimtazama Mama. Alikuwa ameshafika Mbinga kichwani, ananitafutia blanketi la kwenda nalo.

Bibi Gama akainuka, taratibu, ameshikilia benchi. "Mtamfukuza mtani msibani?"

Watu wakaguna. Hilo si neno dogo kwetu.

"Bibi," Mwalimu alisema kwa upole, "huu ni msiba wa Yerusalemu. Watani wao ni wengine."

"Ni akina nani?"

Mwalimu alikuwa amefundisha miaka mingi, na swali likiulizwa hakuweza kuliacha bila jibu. Akafikiri. "Labda Wasamaria," akasema. Kanisa likacheka tena, na safari hii hata yeye midomo ilimcheza, akaipangusa kwa leso.

Paroko akainua mkono. "Tumuulize aliyechora. Skola, njoo. Huyu mtu anafanya nini?"

Mwanangu, ilikuwa rahisi kujibu. Nusu ya kanisa ilikuwa upande wa Bibi Gama. Ningesema, "Ni mtani, Padre," wangenitetea, ukuta ungebaki, na Fundi angekuja kukaa kwenye kiti cha Mama. Nilimtazama Fundi nikitafuta msaada. Alinyanyua kidevu tu, akaelekeza kwenye fremu iliyokuwa imeegemezwa altareni.

"Padre," nikasema, "naomba picha itolewe kwenye kioo."

Paroko akang'oa vimisumari kwa kisu chake. Nikauchukua ukurasa, nikaupeleka dirishani, nikaulaza mkunjo kwa kidole gumba mpaka vipande viwili vya uso vikakutana. Nilitazama mraba ule kama nilivyofundishwa, bila kutaja jina la kitu. Kulikuwa na mistari miwili iliyofumba kwa nguvu. Chini yake mistari mingine miwili, myembamba, inashuka mpaka kwenye mdomo. Na nywele ndefu nyuma ya shingo, ambazo nilikuwa nimezidhania kivuli.

"Analia," nikasema.

"Hatusikii huku nyuma!"

"Analia! Ni mwanamke, na analia. Mimi nimechora anacheka."

Khanga ya Mama ikapanda ikafunika na macho.

"Basi," alisema Mwalimu Komba, na hakusema kwa furaha. "Chokaa."

Lakini Bibi Gama alikuwa ameshatembea mpaka mbele. Alininyang'anya ukurasa, akautazama, akautazama ukuta, akautazama ukurasa tena.

"Mdomo ni uleule," akasema.

"Bibi, mmoja analia na mmoja..."

"Nimesema mdomo ni uleule. Mwalimu, subiri." Akawageukia watu. "Siku nilipomzika mzee wangu, nyie mlikuwa mnanong'ona. Mke gani huyu, halii. Mnadhani sikusikia? Nilisikia. Machozi hayakuwepo. Tangu asubuhi nilikuwa nimekauka kama gogo. Athumani akashuka kaburini, akauliza kama tumechimbia mbuzi. Nikacheka. Ndiyo, nilicheka, mume wangu yuko kwenye sanduku. Mdomo ulipofunguka kwa kicheko, kilio kikapita hapohapo. Mkasema, ahaa, sasa analia. Mimi hata kucheka nilikuwa sijamaliza."

Akanirudishia ukurasa.

"Na Athumani alipopewa jogoo wake," akaendelea, "alikwenda nyuma ya nyumba. Mimi nilimwona. Alikuwa anajipangusa uso na kofia. Mzee wangu walikuwa wanacheza bao pamoja. Kwani nyie mnadhani mtani halii?"

Akarudi kwenye benchi lake, akakaa.

Paroko alimtazama Mwalimu. Mwalimu alikuwa anatazama ncha za viatu vyake. Ndipo ikaja sauti kutoka nyuma, ya Fundi Mapunda.

"Skola. Mdomo uache. Kwenye mraba wa macho kuna nini?"

"Kuna mistari miwili inashuka, Fundi."

"Basi shusha."

Nilipewa mpaka Ijumaa Kuu. Nikarudi ndani ya shuka langu. Niliyafumba yale macho, nikashusha machozi, nikazirudisha nywele. Mdomo sikuugusa. Pengo nilitaka kulijaza, lakini Bibi Gama alikuja kusimama chini ya ngazi akasema nikithubutu ataitikisa. Likabaki. Nilipomaliza nikashuka, nikarudi nyuma hatua kadhaa nikatazama, na nikashindwa kusema yule mtu anafanya kitu gani. Ukimtazama kwa kuanzia chini, anacheka. Ukianzia juu, amefiwa.

Ijumaa Kuu nilikaa benchi la nyuma nikawa natazama migongo. Watu walikwenda mbele mmoja mmoja kupiga magoti. Waliokuwa wamebana midomo wakitarajia kucheka, sikumsikia hata mmoja akicheka. Mwalimu Komba alipofika aliinua uso akautazama ule wa pembeni muda mrefu, na mabega yake yakaanza kutikisika. Alikuwa anacheka au vipi, sijui mpaka leo. Sikumwuliza.

Athumani alikuja kesho yake. Habari alikuwa amezipata zote sokoni, na nyingine zaidi. Alisimama mlangoni mahali pake, bila korosho mkononi, akatazama.

"Umenitia kanisani bila kunibatiza," akasema, "nikanyamaza. Sasa umenisuka nywele."

"Nisamehe, Mzee Athumani."

"Nani kakwambia samahani inaliwa?" Lakini hakuondoka. Alikaa akitazama zaidi. "Huyu bibi kizee," akasema mwisho, kwa sauti nyingine, "alinionea wapi?"

"Nyuma ya nyumba, Mzee."

"Wangoni," akasema, akitikisa kichwa. "Hata nyuma ya nyumba mnachungulia." Kisha akadai jogoo, kwa kosa la kumliza Myao hadharani, na Mama, aliyekuwa anaheshimu mila kuliko alivyoheshimu rangi, akatoa jogoo wake pekee.

Kwa hiyo Jumatatu ya Pasaka, Fundi Mapunda alipokuja nyumbani, alikuta mboga za majani. Alivaa shati jeupe ambalo sikuwahi kuliona. Alikaa kwenye kiti kile. Mama akasimama mbele yake, mikono kiunoni.

"Karibu, Fundi. Mbona umekuja leo, wakati Jumapili ya Matawi watu walicheka?"

"Walicheka," alikubali Fundi. "Mama Skola, ningekuja hata kama ukuta wangeupaka chokaa. Mwanafunzi akikosea anatafuta wa kumtetea. Huyu alikuwa na kanisa nusu linamtetea, akaomba kuangalia tena." Akatazama huku na huku akitafuta pa kuzimia sigara. "Huyu ni fundi. Nimemaliza. Na kesho asubuhi aje mapema, kuna B ya bucha imesimama."

Kahawa ya Mbinga ikachumwa na wengine, mwanangu, na ilichumwa vizuri tu bila mimi.

Sasa nakuachia neno, kwa kuwa wewe umeshika brashi na huna mtu wa kukuwekea mfuko wa chokaa mapajani. Unaponakili kazi ya mtu, usifanye haraka kumtambua aliyemo. Ukishasema "huyu namjua," jicho limelala, na mkono utachora mazoea yako. Tazama kwanza, mstari kwa mstari, na mkunjo ukiwa umeficha kitu, usione aibu kuomba kioo kitolewe, hata mbele ya kanisa zima, hata kama uongo wako umeshapata watetezi. Na mazoea ya kwenu usiyatupe. Bila Athumani picha ile ingekuwa ya Wajerumani mpaka leo. Ila yaweke baada ya kutazama, siyo kabla. Hivyo hivyo kwa watu: ukimwona mtu ameachama mdomo, usiamue anacheka mpaka umetazama macho.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe mikono inayokua kadiri ya mzigo unaoubeba. Akupe mwalimu mkali na bibi mbishi wa kusimama chini ya ngazi yako. Na siku utakapofiwa, maana kila mtu hufiwa, akuletee mtani mlangoni kabla machozi yako hayajakauka, na nyumbani kwako asikose kukuta jogoo.